Nguo Mbichi Haivuki Mpaka

Nguo ikikauka ndani ya chumba kilichofungwa, maji yake yanakwenda wapi?

Jirani yetu aliniuliza hivyo wiki niliyorudi Tunduma kutoka chuo kikuu, nikiwa na cheti kwenye bahasha ya kaki na maoni juu ya kila kitu. Nilimjibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Yanageuka mvuke, nikasema.

"Sawa. Mvuke unakwenda wapi?"

"Hewani."

"Na hewa ya humu inakwenda wapi?"

Nikageuka kutazama dirisha. Alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono juu, vibanio viwili mdomoni, na vibanio hivyo havikumzuia kusema lolote. "Basi rudi ukawaambie hujamaliza," akasema, akaendelea kuanika.

Sote pale nyumbani tulimwita Dobi. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita vilivyopangana mstari mmoja, na chumba chake kiligusana na chetu, mimi na mama. Alikotoka sikuwahi kumwuliza vizuri. Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa milima ya Ileje na hilo lilinitosha, kwa sababu mambo niliyotaka kumwuliza yalikuwa mengine. Kwa mfano, kwa nini mtu anayefua nguo za nusu ya foleni ya malori haonekani hata siku moja akianika nje.

Jibu la kwanza lilikuwa mbele ya macho yangu, ila sikulipenda kwa vile lilikuwa rahisi. Msimu wa mvua, jua la Tunduma ni kama mgeni wa serikali: linatangazwa, halifiki. Kiangazi, malori yanapojipanga kusubiri kuvuka, vumbi na moshi vinakaa juu ya kila kamba, na shuka uliyoanika nyeupe unaianua ikiwa na rangi ya chai. Wateja wake walikuwa madereva. Dereva hajui foleni itasogea lini. Anaweza kulala siku tatu pale pale, anaweza kuitwa kabla hajamaliza kula. Akiitwa anaondoka, na nguo yenye unyevu ikifungiwa kwenye mfuko ndani ya kabini, ikifika Kitwe, huko Zambia, inanuka beberu. Ndiyo maana alisema, mara nyingi kuliko alivyosema habari za asubuhi, kwamba nguo mbichi haivuki mpaka.

Aliyasema hayo hata kwa wenye nguo. Siku moja alikuja dereva Mzambia, mtu mkubwa mwenye haraka, akasimama mlangoni huku injini ya lori lake ikisikika kutoka barabarani.

"Bamayo, mama yangu, nipe tu. Zitakauka njiani."

"Hazitoki."

"Ni nguo zangu, bamayo."

"Nguo ni zako. Maji ni yangu. Subiri niyatoe."

Yule bwana akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Dobi akazilaza zile suruali mbili juu ya taulo kavu, akazikunja pamoja na taulo kama mtu anayekunja chapati, akavua kandambili na kupanda juu ya ule mviringo. Akaukanyaga taratibu kwa miguu mitupu, akiimba alto ya kwaya ya kanisani, ile sauti ambayo peke yake haina wimbo wowote ndani yake. Alipomaliza taulo lilikuwa limelowa na suruali zimebaki na ubaridi tu. "Natotela," dereva akamshukuru kwa Kibemba, akakimbia.

Chumba chake kilikuwa hatua nne kwa nne. Humo mlikuwa na kitanda, sanduku la bati, stuli na nguo za watu. Nilipoingia mara ya kwanza nilitegemea kuinama, kama unavyoinama kwa kila mtu anayeanika ndani, maana wengi hufunga kamba usawa wa kifua, kisha wanashinda wakipita chini yake kama wanaingia zizini. Kwake sikuinama. Alikuwa ameanza na dari. Alisema joto la chumba hukaa juu, kama wakubwa, kwa hiyo nguo nzito nazo zipande huko zikaombe.

Alikuwa na ngazi ya miti ya mkaratasi iliyolala hewani, imeshikwa na kamba katika pembe zake nne. Aliishusha hadi kifuani, akaivisha ovaroli na mataulo kwenye kila kipandio, kisha akavuta kamba moja tu iliyopita kwenye kigurudumu cha kisimani, na ngazi yote ikapanda hadi karibu na silingibodi. Chini yake uliweza kukaa ukala ugali bila kuguswa na mguu wa suruali. Mashati aliyaning'iniza kwa kushuka. Alichukua vile vipete vya kufungulia makopo ya soda, akavivalisha kwenye shingo za henga, henga ya pili ikaning'inia kwenye kipete cha kwanza, ya tatu kwenye cha pili. Mashati matano yakakaa kwenye nafasi ya shati moja. Lenye maji zaidi alilitia chini kabisa, "lisimlilie mwenzake." Na katikati ya chumba ilining'inia ringi ya baiskeli, imezungukwa na vibanio, kwa ajili ya soksi, chupi na vitambaa vidogo. Kila alipopita aliisukuma kwa kidole, ikazunguka. Upepo ukikosekana unautengeneza, alisema.

Kati ya nguo na nguo aliacha vidole vinne. Si vitatu.

"Vidole vya nani?" nikamwuliza. Chuoni tulifundishwa kuuliza kipimo.

"Vya mwenye kazi."

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa na choyo cha ajabu juu ya mafundo yake. Alikuwa na fundo moja linaloshika kamba ikivutwa na kuiachia ikisukumwa, na mtu akiingia wakati analifunga, alisimama mbele yake hadi mgeni atoke. Jirani wa chumba cha sita alimwomba amwonyeshe kwa miaka miwili. "Nikikuonyesha utafungua kazi," alimwambia, bila aibu. Alisema uongo pia. Mteja akiuliza kama nguo ziko tayari alijibu ziko tayari huku mimi nikiona tone linaanguka nyuma yake. Na yeye aliyekataa nguo za watu zisitoke zikiwa na unyevu, mwenyewe alivaa khanga mbichi. Alizifua asubuhi, akazikamua, akajifunga. Nilimwambia hiyo ni kinyume cha mahubiri yake yote. "Mimi sivuki mpaka," akasema.

Kuna ile imani kwamba nguo isilale nje, kwamba ikikutwa na giza kwenye kamba wachawi wataitumia, hasa ya mtoto. Mimi nilikuwa na hotuba tayari juu ya jambo hilo. Nilitaka kumsikia akiitetea ili niivunje. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake, na wanawake wote wa mtaa walikuwa wanaanua kwa kasi kwa sababu jua lilikuwa linazama.

"Na wewe unaamini?" nikamwuliza.

"Mchawi sijamwona," akasema. "Umande nimeuona."

Nikamwuliza sasa mbona hawaambii wenzake kwamba ni umande tu. Akanitazama kama mtu aliyetazama doa. "Wanaanua kwa wakati au hawaanui?" akauliza. "Basi waache. Wewe msomi ukipata tu mtu anafanya jambo zuri kwa sababu mbaya, hulali." Alilitamka neno msomi kama jina la ugonjwa wa ngozi.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Wapangaji wengine mvua ikizidi waliwasha jiko la mkaa, wakaliweka chini ya kamba, wakafunga mlango na dirisha. Akinusa mkaa alikwenda kugonga, na asipofunguliwa aliupiga mlango kwa ubao wake wa kufulia. "Jiko linakausha nguo na mwenye nguo," alisema. Alimtoa mama yangu chumbani mara mbili namna hiyo, akalibeba jiko mwenyewe na kulitua nje kwenye mvua likatoa moshi. Mama alikasirika wiki nzima. Alikuwa na kifua kibaya, na aliona joto lile ndilo linalomsaidia.

Nije kwa mwenye nyumba, maana picha ya Dobi bila yeye haisimami.

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa shida. Alikuwa mtu aliyeona kila nafasi tupu kama dharau kwake. Uwanja wetu ulikuwa na kamba nne. Akazing'oa ili magari ya mahindi yaweze kuingia na kugeuza. Kisha akajenga stoo nyuma, ikiegemea ukuta wa nyuma wa vyumba vyote sita. Paa la stoo liliishia shubiri moja chini ya matundu ya hewa, yale matundu madogo yaliyo juu ya kila ukuta karibu na dari. Akaogopa panya watapita kwenye paa waingie vyumbani, au watoke vyumbani waingie kwenye mahindi. Akaleta fundi, akayaziba yote kwa saruji kwa siku moja.

Dobi alisimama uwanjani akimtazama yule fundi. "Umeziba pua ya nyumba," akamwambia mwenye nyumba.

"Nyumba inavuta hewa tangu lini, mama?"

"Tangu ilipoanza kukaa watu."

Mwenye nyumba akacheka, na fundi akacheka kwa kuwa mwenye kazi amecheka. Msimu wa mvua ulipofika, ukuta wa nyuma wa chumba cha Dobi ukaota madoa meusi kuanzia kwenye kona, kisha na wetu, kisha chumba cha nne. Rangi ilivimba, ikapasuka kama utando wa maziwa. Mama alianza kukohoa hadi anashika kitanda. Mwenye nyumba akapita na tochi chumba hadi chumba, akagusa ukuta, akanusa kidole chake, na alipofika kwa Dobi akatazama juu kwenye ile ngazi iliyosheheni. "Nimempata mwizi wangu," akasema. Akatoa amri: kuanzia mwezi unaofuata ni marufuku kuanika ndani, na asiyeweza kutii atafute pa kwenda.

Nje hakuna kamba, ndani marufuku. "Tuanike mgongoni?" Dobi akamwuliza. Mwenye nyumba akajibu kwamba hilo halimhusu.

Nilimwona jioni ile amekaa kwenye stuli, na ringi haizunguki. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya kile chumba. Ukimtoa pale, karibu na foleni, umemtoa kwa wateja. Nilimwambia mama lazima tumsaidie, tuandike barua ya wapangaji wote. Mama aliniambia ninyamaze. "Yeye ana maneno yake. Sisi hatuna pa kwenda," akasema. "Chumba kama hiki kwa bei hii hukipati tena, na wewe huna kazi. Nyamaza, mwanangu."

Sikunyamaza. Mimi sikuamini kwamba ni nguo. Nilikuwa nimeshaamua: ni stoo, maji ya mvua yanakusanyika kati ya kuta mbili na kupenya. Nikatafuta njia ya kulithibitisha. Unabandika kipande cha nailoni ukutani, unakiziba kingo zote kwa selotepu, unasubiri siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, kati yake na ukuta, basi yanatoka ukutani. Yakionekana mbele, upande wa chumba, yanatoka chumbani. Nilimweleza Dobi. Akasema ni jambo la akili, na nilifurahi kuliko siku ya mahafali.

Siku ya pili tukaenda kuangalia. Nyuma ya nailoni palikuwa pakavu. Mbele palitiririka.

Nilirudia kwenye kona nyingine, kisha kwenye chumba chetu. Ikawa vile vile. Mwenye nyumba alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeleta ushahidi. Nilimwambia Dobi tuibandue tuitupe, hakuna aliyejua kwamba tulipima. Nilisema hivyo mimi, mtu wa kuhoji kila kitu.

"Kwa nini uitupe?" akauliza.

"Inampa haki yeye."

"Inasema maji yametoka wapi. Haijasema yalikuwa yanakwenda wapi." Akaibandua nailoni kwa uangalifu, akaikunja, akaitia kwenye sanduku.

Ilikuwa Machi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja asubuhi moja baada ya ibada, akakalishwa barazani, na wapangaji wote tukasimama. Mwenye nyumba alizungumza kwa upole, akasema hana ugomvi na mama huyu, ana ugomvi na maji. Akasema anajua wapangaji watasingizia stoo yake.

"Hatusingizii," Dobi akasema. "Maji ni yangu."

Mama alinifinya mkono kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Dobi akaikunjua nailoni, akaeleza kipimo chote, neno kwa neno kama nilivyomweleza, na akaninyooshea kidole kwamba aliyepima ni mimi. Mwenye nyumba akatabasamu. Mwenyekiti akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi.

"Basi mama, umekubali. Utahama lini?" mwenyekiti akauliza.

"Nimekubali maji. Sijakubali kuhama."

"Sasa?"

"Maji haya miaka yote yalitoka kwenye nguo, yakapanda juu, yakatoka kwenye matundu, yakaenda zake. Huyu akafunga mlango wakati wageni wako ndani. Sasa anawashitaki kwa kuchelewa kuondoka." Akamgeukia mwenye nyumba. "Fungua matundu. Weka wavu, panya wasipite. Vyumba vyote sita, si changu tu. Ukikataa nitafungua mimi."

Mwenye nyumba akasema matundu hayafunguliwi hadi mahindi yatoke. Mwenyekiti akasema tukayamalize wenyewe kama ndugu, akanywa soda yake, akaenda. Dobi akatangaza kwamba atayafungua Jumamosi.

Jumamosi saa nne asubuhi alitoa meza ya jirani, akaweka stuli juu yake, akapanda na nyundo na patasi. Pigo la kwanza likamleta mwenye nyumba mbio, mguu mmoja na kiatu.

"Nitakupeleka polisi, mama. Nakwambia, hiyo ni mali yangu."

"Nipeleke. Lakini shika meza kwanza, inayumba."

Naapa aliishika. Alisimama pale ameikamata meza kwa mikono miwili, vumbi la saruji likimwangukia kichwani, akiendelea kumtishia polisi, na kila alipotaka kuiachia ilicheza naye akaikamata tena. Wapangaji tulikuwa tumejaa mlangoni. Hakuna aliyecheka, tuliogopa kuharibu. Dobi alipomaliza cha kwake alishuka, akaibeba stuli hadi kwetu, akamwambia mama asogeze kitanda. Mama akatazama chini, kisha akakisogeza. Mwenye nyumba akaja na meza.

Vyumba sita. Hadi saa nane mchana mikono yake ilikuwa na malengelenge, na kwenye chumba cha mwisho alipiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Polisi hawakuja. Jumatatu mwenye nyumba akanunua wavu wa waya, akaubandika mwenyewe. Siku hizi akionyesha chumba kwa mpangaji mpya humwambia, kwa sauti ya mvumbuzi, "Nyumba hii niliijengea hewa."

Kuta hazikukauka kwa wiki moja. Zilichukua mvua zote zilizobaki. Mama akapungua kukohoa mwezi wa tano. Mimi nikapata kazi Vwawa, ya muda, kisha ya muda mwingine, na kila nilipokutana na watu wa rika langu wanaolalamikia wakubwa zao niliwasimulia habari za Dobi. Niliisimulia kama habari ya mtu aliyebanwa ukutani. Nilisema: alisimama kwa sababu hakuwa na pengine pa kusimama, asiye na pa kwenda ndiye anayepigana. Nilipenda jinsi sentensi hiyo ilivyokaa. Sikuihoji hata mara moja.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amehama pale miaka mingi, anakaa mtaa wa pili, kwa bibi mmoja Mnamwanga mwenye uwanja mpana na miti miwili ya kufungia kamba. Nguo zilikuwa nje, nyeupe, zimeachana vidole vinne. Aliniona, akasema, "Msomi, umenenepa," kisha wingu likapita juu ya nyumba na kabla sijakaa alikuwa ameshaondoka kwenda kuanua. Goti lake moja lilikuwa halikunji tena. Nilitaka kumsaidia akanifukuza kwa mkono.

Nikabaki barazani na yule bibi. Kwa kutafuta la kusema, nikamsifia uwanja, nikamwambia Dobi angepata mahali kama hapa zamani zile asingeteseka na mwenye nyumba wetu.

"Zamani zipi?" bibi akauliza.

Nikamweleza: mwaka wa yale matundu.

Bibi akacheka kwa pua. "Mwaka huo ndio nilimpa chumba. Alikuja hapa mwezi wa kwanza, nikamkabidhi ufunguo kwa mkono wangu huu, chumba kimefagiliwa. Mwezi wa pili haji. Mwezi wa tatu haji. Namwambia mama hamia, ananiambia bado, kuna ukuta naushughulikia kule. Amekuja kuhamia mwezi wa saba."